Picha ya mdudu ni shahidi, si hakimu

Hapana askari wala polisi katika Uganda asiyeyajua maharagwe. Tuliyala tulipokuwa makuruta, twayala kambini na lindoni pamoja na posho, na wengi wetu twayalima katika mashamba ya nyumbani. Kwa hiyo habari za mdudu anayekula majani ya maharagwe si habari za mabwana shamba peke yao. Ni habari za sufuria yetu sote.

Katika wilaya ya Kasese maharagwe hufuata mvua, nazo mvua huja mara mbili kwa mwaka: zile zinazoanza Machi, na zile zinazoanza Agosti au Septemba. Mche unapochomoza na kufungua majani yake ya kwanza, mgeni naye hutoka ardhini. Ni mdudu mdogo, mwenye urefu wa milimita 6 hivi, na mgongo wa mviringo unaong'aa kama kiatu kilichopigwa rangi kwa ajili ya gwaride. Hutoboa majani baina ya mishipa yake mpaka jani likafanana na chekecheke. Wakiwa wengi, mche mchanga hufa.

Siku hizi mkulima wa Bwera anapopatwa na jambo hili hupiga picha kwa simu ya mkononi, akampelekea mwanawe aliye kazini Kasese au Mpondwe, akamwuliza: "Mwanangu, huyu ni mdudu gani, nasi tumfanyeje?" Kijana, kwa kuwa amevaa sare na amesoma, huona haya kusema kwamba hajui. Basi hutaja jina la kwanza linalomjia, na siku ya pili baba yake yumo dukani akinunua dawa.

Hapo ndipo palipo na hatari, na hapo ndipo makala haya yanapokusudia kusimama. Picha ni kitu chenye manufaa makubwa katika kumtambua mdudu. Lakini ina mpaka wake, na mwenye kuuvuka mpaka huo humwongoza mkulima katika hasara.

UKOO MKUBWA

Mdudu tunayemzungumzia ni katika mbawakawa, yaani wadudu ambao mabawa yao ya mbele yamegeuka kuwa magamba magumu yanayofunika mabawa laini ya kurukia. Ndani ya kundi hilo umo ukoo wa mbawakawa wa majani, ambao wataalamu huuita Chrysomelidae. Aina zilizokwisha kuandikwa duniani katika ukoo huu zinazidi 35,000. Ni kana kwamba divisheni mbili nzima zimepangwa uwanjani, kila mmoja na namba yake, lakini maelfu wamevaa sare zinazofanana.

Picha nzuri yatosha kumpeleka mdudu katika ukoo wake, maadamu mtazamaji anajua pa kutazama. Mbawakawa wa majani aghalabu ana vipapasio virefu kiasi, vyembamba kama uzi. Yule mdudu wa mviringo mwenye madoa, ambaye watoto hupenda kumchezea mkononi, ana vipapasio vifupi vyenye kirungu nchani. Tofauti hii si ya kupuuzwa hata kidogo, kwa sababu wengi wa hao wenye madoa hula vidukari na kumlinda mkulima, ingawa wako jamaa zao wachache wanaokula majani. Anayewachanganya hawa wawili akapuliza sumu, huenda akawa amewapiga risasi walinzi wake mwenyewe.

Katika ukoo huo huo wamo wengine ambao mkulima wa Kasese aweza kukutana nao. Wako wadogo kama viroboto, walio katika bamia na pamba, wenye mapaja ya nyuma yaliyovimba. Ukiwagusa huruka ghafla. Wako walio bapa kama kobe mdogo, wanaokaa juu ya majani ya viazi vitamu. Wako wenye miiba mgongoni, wanaoishi katika mpunga. Mmoja wa hao wa miiba, aitwaye Trichispa sericea, hubeba virusi vya ugonjwa wa manjano wa mpunga, ambao ulitambuliwa kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu, Kenya, mwaka 1966. Twaona basi kwamba madhara ya ukoo huu hayaishi katika matundu ya majani.

JINA LENYE MAANA YA KUBADILIKA

Mbawakawa wa maharagwe ni wa jamii iitwayo Ootheca, jina lililotolewa na Mfaransa Chevrolat mwaka 1837. Aina iliyoenea zaidi katika Uganda ni Ootheca mutabilis, ambayo Sahlberg aliieleza mwaka 1829. Neno mutabilis ni la Kilatini, na maana yake ni "mwenye kubadilika". Mtoa jina hakukosea. Mmoja ni wa rangi ya chungwa, mwenzake ni kahawia, wa tatu ana mgongo mweusi, na wote watatu ni ndugu wa aina moja. Tena mbawakawa aliyetoka karibuni katika ardhi huwa mweupe kidogo na laini, na rangi yake hukolea baadaye.

Kwa upande mwingine, wako mbawakawa wa aina mbalimbali ndani ya jamii hiyo ambao rangi zao zinafanana kabisa. Kwa hiyo rangi humdanganya mtazamaji mara mbili. Humwambia kwamba ndugu ni wageni, na humwambia kwamba wageni ni ndugu.

Jambo hili si geni kwa wanajeshi wetu. Mwezi wa Februari mwaka 2020, nzige wa jangwani walipoingia Karamoja, askari walipelekwa huko kupambana nao. Waliokuwapo watakumbuka kwamba makundi ya mwanzo yalikuwa na rangi ya waridi, na kwamba nzige walipokomaa waligeuka manjano. Hawakuwa majeshi mawili. Walikuwa jeshi moja lililobadili sare. Karibu miaka 100 kabla ya hapo, mwaka 1921, mtaalamu Boris Uvarov alionyesha kwamba nzige wawili waliokuwa wakihesabiwa kuwa aina mbili walikuwa kwa kweli aina moja, wakati wa upweke na wakati wa kundi. Mabingwa wenyewe walikuwa wamedanganywa na sura.

ALAMA ZA VIDOLE

Je, mtaalamu huwatenganishaje mbawakawa wanaofanana? Polisi watalielewa jibu lake upesi. Shahidi akisema, "Nilimwona mtu mrefu aliyevaa shati jekundu," maneno yake huandikwa na kuheshimiwa, lakini hakuna mahakama imfungayo mtu kwa sababu ya shati. Hutafutwa alama za vidole.

Alama za vidole za mbawakawa ni viungo vya uzazi vya dume. Viungo hivyo ni vigumu, vidogo mno, vimefichwa ndani ya tumbo, na umbo lake aghalabu huhitilafiana kutoka aina moja hadi nyingine hata pale ambapo migongo ni sawasawa. Mtaalamu hupasua tumbo la mdudu mkavu aliyelainishwa, akavitoa na kuvitazama kwa hadubini. Ndivyo walivyofanya Sandra Kortenhaus na Thomas Wagner wa Ujerumani, ambao mwaka 2010 walichapisha uchunguzi mpya wa jamii nzima ya Ootheca katika Afrika ya kitropiki, wakieleza kila aina upya na kutoa ufunguo wa kuzitambua. Baadaye watafiti wa Uganda, wakishirikiana na wenzao wa ng'ambo, walikusanya mbawakawa hao katika kanda mbalimbali za nchi yetu; matokeo yao yaliyochapishwa mwaka 2021 yalionyesha jinsi Ootheca mutabilis alivyowazidi wenzake kwa wingi.

Kazi hiyo haikufanywa kwa kutazama picha za migongo. Ilifanywa kwa kukusanya wadudu wenyewe. Picha ya simu, hata ikiwa safi namna gani, haioni ndani ya tumbo.

DHAHABU ISIYODUMU

Lakini msomaji asije akadhani kwamba twaidharau picha. La hasha! Yako mambo ambayo picha huyahifadhi na sindano ya makumbusho huyapoteza.

Tumtazame yule mbawakawa wa viazi vitamu aliye bapa kama kobe, wa jamii ya Aspidimorpha. Akiwa hai, baadhi ya aina zake hung'aa kama dhahabu iliyosuguliwa. Akifa, dhahabu hiyo hutoweka, akabaki na rangi hafifu ya majani makavu. Mnamo mwaka 1934 na 1935 msafara wa Jumba la Makumbusho la Uingereza ulikusanya wadudu wengi katika milima ya Rwenzori, nao wakapelekwa London. Makusanyo ya namna hiyo ni hazina ya elimu mpaka leo, lakini mdudu mkavu hawezi kusimulia alikuwa na mng'ao gani siku aliyokamatwa, wala alikuwa akila mmea gani, isipokuwa mkusanyaji awe ameandika.

Picha iliyopigwa shambani husema mambo hayo yote. Humwonyesha mdudu akiwa hai, juu ya mmea wake, pamoja na kidonda alichokifanya. Kwa hiyo picha na mdudu mkavu ni mashahidi wawili ambao kila mmoja anajua sehemu yake.

BANGO LA KITUO CHA POLISI

Tena wako mbawakawa ambao picha yatosha kabisa kumtia askari mashakani. Mashuhuri kuliko wote ni mbawakawa wa viazi wa Colorado, wa manjano, mwenye mistari 10 myeusi mgongoni. Alitoka Marekani ya Kaskazini, akajenga makao Ufaransa karibu na Bordeaux mwaka 1922, kisha akaenea Ulaya. Huko Uingereza serikali iliweka mabango yenye picha yake ya rangi katika vituo vya polisi, na raia aliyemwona alitakiwa kutoa habari. Polisi hawakugeuzwa kuwa mabingwa wa wadudu. Waligeuzwa kuwa mlango ambao habari ingepitia upesi hadi kwa mabingwa.

Upande mwingine wa historia hiyo unaonya. Mwaka 1950 serikali ya Ujerumani ya Mashariki iliishtaki Marekani kwamba ndege zake zilikuwa zikidondosha mbawakawa hao juu ya mashamba ya viazi. Watoto wa shule walitolewa kwenda kuwaokota, na magazeti yalijaa ghadhabu. Ilhali mdudu mwenyewe alikuwa safarini kuelekea mashariki kwa miaka mingi, akisaidiwa na upepo, biashara na vita vilivyokwisha kupita. Kumtambua mdudu ni jambo moja. Kujua nani aliyemleta ni jambo jingine linalohitaji ushahidi wake peke yake.

Sisi tulio karibu na mpaka twapaswa kuliweka hilo moyoni. Kutoka Bwera hadi Mpondwe ni mwendo mfupi, na mto Lhubiriha, unaotutenga na Kongo, si kizuizi kwa kiumbe mwenye mabawa. Wakulima wa pande zote mbili wana lugha na ukoo wa karibu, na magunia ya maharagwe huvuka siku za soko. Akionekana mdudu mgeni, kazi yetu ni kutoa taarifa, si kumlaumu jirani.

NAMNA YA KUTOA TAARIFA

Askari aliyefundishwa doria tayari anazo nguzo za taarifa njema: nini, wangapi, wapi, lini, na walikuwa wakifanya nini. Kwa mbawakawa wa majani tungeziongezea mambo machache.

Kwanza, piga picha moja ukiwa mbali kidogo kabla ya kusogea. Wengi wa wadudu hawa wakihisi mtikisiko hujidondosha chini wakajifanya wamekufa, na hapo umekwisha kuwapoteza. Asubuhi mapema, wakati wa baridi, huwa wazito na ni rahisi kuwafikia.

Pili, usiridhike na mgongo. Piga kutoka juu, ubavuni, usoni na chini ya tumbo ikiwezekana. Hakikisha vipapasio vinaonekana mpaka nchani, na paja la mguu wa nyuma pia.

Tatu, weka kipimo. Njiti ya kibiriti au rula kando ya jani humwambia mtaalamu ukubwa wa mdudu. Pasipo kipimo, mbawakawa wa milimita 3 na wa milimita 10 wote hujaza kioo cha simu.

Nne, kinga jua kwa kofia yako. Mgongo unaong'aa hurudisha mwanga, na mwanga huo hugeuza kahawia kuwa nyeupe. Wala usiruhusu simu "kupendezesha" rangi.

Tano, piga picha ya mmea wenyewe, jani na ua, pamoja na matundu. Mdudu aliyekutwa juu ya jani la mhindi yawezekana alikuwa akipumzika tu. Aliyekutwa akitafuna ana habari kamili zaidi.

Sita, andika siku, kijiji, na kama ni bondeni au mlimani. Wilaya ya Kasese huanza karibu na mita 900 juu ya usawa wa bahari, kandokando ya maziwa ya George na Edward, ikapanda hadi mita 5,109 katika kilele cha Margherita. Shamba la pamba la bondeni na shamba la kahawa la mlimani si makao ya viumbe wale wale.

Saba, ukiweza, hifadhi wadudu wachache katika chupa ndogo yenye spiriti, pamoja na kikaratasi chenye namba ya picha kilichoandikwa kwa penseli. Hiyo ndiyo alama ya vidole ambayo mtaalamu ataihitaji.

SIRI YA MAHALI

Hapa askari ana jambo moja ambalo raia hanalo. Simu nyingi za leo huandika ndani ya picha mahali hasa ilipopigwa, bila mpigaji kuona maandishi hayo. Kwa mtaalamu wa wadudu hiyo ni neema. Kwa adui ni ramani. Mbawakawa aliyepigwa picha katika bustani iliyo nyuma ya kambi, akatumwa huku na huku, huonyesha kambi ilipo kwa usahihi wa hatua chache.

Mpondwe imekwisha kuonja uchungu. Usiku wa tarehe 16 Juni 2023 wauaji waliishambulia Shule ya Sekondari ya Lhubiriha, wakaua zaidi ya watu 40, wengi wao wanafunzi. Katika eneo la namna hiyo hapana budi askari azime kiandika-mahali cha simu yake awapo karibu na lindo au kambi, na aandike jina la kijiji peke yake. Mtaalamu ataridhika, mdudu wa maharagwe wa kijiji kimoja hahitaji nukta ya ramani.

Na kinyume chake pia. Polisi akimwona mtu amepiga magoti katika shamba la maharagwe akiielekeza kamera kwenye jani, na amwulize kwa adabu kabla ya kumshuku. Huenda ni bwana shamba au mwanafunzi. Mpiga picha naye aanze kwa kujitambulisha kwa wenye ulinzi wa mahali hapo, wala asielekeze kamera kwenye kizuizi cha barabarani au kituo cha mpakani. Maneno mawili ya heshima huokoa siku nzima ya maelezo.

HATUA KABLA YA JINA KAMILI

Je, mkulima akae akingoja hadubini huku shamba likiliwa? Hapana. Kila daraja la jina lina kazi yake. Tukijua kwa yakini kwamba mdudu ni wa jamii ya Ootheca, hata kama aina yake haijathibitishwa, tumekwisha kupata msaada mkubwa, kwa sababu maisha ya jamii hiyo yanajulikana. Mayai hutagwa ardhini. Mabuu hula mizizi ya maharagwe na kunde, mmea ukawa manjano na kudumaa. Mbawakawa kamili hubaki udongoni mpaka mvua ya msimu unaofuata.

Basi anayepuliza majani peke yake hupigana na nusu ya adui tu. Kulima shamba mara baada ya mavuno huwafunua waliojificha. Kupanda mahindi mahali palipokuwa na maharagwe huwanyima mabuu chakula. Kuchelewa kidogo kupanda huwafanya watokao ardhini wakose miche michanga. Uchunguzi uliofanywa Tanzania na kuchapishwa mwaka 1984, juu ya ndugu yao Ootheca bennigseni, ulionyesha kwamba uharibifu wa majani peke yake uliweza kupunguza mavuno kwa asilimia 18 hadi 31. Anayevuna magunia 10 akapoteza mawili au matatu ana haki ya kusaidiwa kwa ukweli.

Jina la aina lenyewe lahitajika pale ambapo dawa hupimwa, ambapo ugonjwa unaochukuliwa na mdudu hufuatiliwa, au ambapo mgeni anashukiwa kuingia nchini. Hapo taarifa iende kwa ofisa wa kilimo wa wilaya, naye aifikishe Kawanda, Namulonge au Makerere, kwa wenye hadubini na makusanyo ya kulinganishia.

Katika miaka ya 2010 askari wengi walipelekwa vijijini chini ya mpango wa Operation Wealth Creation, wakagawa mbegu na miche. Mkulima alizoea kumwuliza mtu mwenye sare mambo ya shamba, na mazoea hayo hayajaisha. Heshima hiyo ni amana. Hailindwi kwa kujibu kila swali, bali kwa kujibu kadiri ya ushahidi uliopo.

Kwa hiyo picha ya mbawakawa ikikufikia, ndugu askari, itazame kwa makini, kisha uandike kama uandikavyo katika kitabu cha lindo: "Mbawakawa wa majani. Jamii yaonekana kuwa Ootheca. Rangi ya chungwa, milimita 6, wanane katika miche kumi, shamba la maharagwe, Bwera. Aina haijathibitishwa." Maneno hayo mawili ya mwisho hayamvunjii askari cheo. Ndiyo yanayomzuia mkulima asitumie fedha zake kununua sumu ya mdudu asiyekuwapo.